Makofi Yanayochelewa

Marlow Hollow, Pennsylvania
13 Septemba 1971

Emil, mjukuu wangu na mpinzani wangu kwa bibi yako Veronka,

Barua yako ilifika Ijumaa. Bibi yako alinikalisha jikoni nimsomee, maana Kiingereza chake yeye ni cha dukani tu, na cha kumtukana jirani. Nilisoma yote isipokuwa pale uliposema chakula cha chuoni ni kizuri. Hapo nikasoma kwamba unakonda. Alifurahi siku nzima.

Basi wewe ni kwotabeki wa akiba, mrusha mpira anayengoja zamu! Unakaa kwenye benchi na helmeti mapajani kama kuku anayeatamia yai, unamwangalia mwenzako akirusha mpira na kupigiwa kelele na wasichana. Nimemwambia Padri Kolesar kwamba hakuna jezi safi kama yako Ohio nzima. Amesema atakuombea matope.

Usicheke. Siku yako itafika, na ikifika usisahau ujanja niliokufundisha ukiwa bado shule ya hapa. Mtu akigongwa kichwa, daktari wa timu anakuja mbio na maswali yake matatu: leo siku gani, mnacheza na nani, ni ngapi kwa ngapi. Siku na mpinzani unaandika kwenye plasta ya mkono kabla hamjatoka chumbani. Ngapi kwa ngapi, yule anayekupitishia mpira anakunong'oneza. Daktari anarudi kukaa, wewe unarudi kurusha. Profesa wa somo hilo ni mimi, niliyeishia darasa la sita.

Bibi anakutumia soksi. Ni mbaya sana, zivae.

Babu yako,
Juraj Petrusik


Chuo cha Ansted, Ohio
20 Septemba 1971

Mpendwa Babu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Jumamosi, robo ya pili, kwotabeki wetu alivunjika mfupa wa bega. Kocha Brannigan akageuka kutazama benchi, akanitazama mimi, akatazama tena kama kuna mtu mwingine nyuma yangu. Hakuwepo. Nikaingia.

Babu, ni kitu kingine kabisa. Watu elfu ishirini, lakini ukishainama na wenzako kumi kwenye lile duara husikii chochote, ni pumzi tu. Nataja mpango, tunapiga makofi mara moja, wote kwa pamoja, pa! Tunatawanyika. Lonnie ananipitishia mpira katikati ya miguu yake (najua utasema nini, usiseme), na dunia yote inanikimbilia. Nilirusha mipira miwili ya kufunga. Tulishinda.

Robo ya tatu kuna jitu lilinibeba likanitupa na kichwa chini. Niliamka naona nyasi za rangi ya zambarau. Daktari huyo akaja: leo siku gani? Nikakuna mkono, nikasoma plasta: Jumamosi. Mnacheza na nani? Nikakuna tena. Ngapi kwa ngapi? Lonnie nyuma yangu akakohoa, "Kumi na nne kumi." Daktari akanipiga bega, akaenda zake. Lonnie amesema anataka kukutana nawe akubusu.

Kwa hiyo asante, profesa.

Wako,
Emil


Marlow Hollow
23 Septemba 1971

Emil, mfalme wa Ohio,

Nimesoma barua yako klabu ya wachimbaji mara tatu, na mara ya tatu watu walikuwa wanataja maneno kabla yangu. Mzee Hlavac alisema, "Huyo kipaji kakitoa kwa mama yake." Nikamwambia, "Mama yake yuko Florida na mume wa pili, wakati huu kipaji chake ni kuota jua. Mtoto nimemlea mimi." Akasema, "Kwako kakitoa kipi, hilo pua?" Tukaachana tukiwa marafiki, karibu.

Bibi nimemsomea kwamba uliteleza kwenye nyasi mbichi. Kwa mpira ana lake, unajua. Miaka yote ulipokuwa ukicheza hapa alikaa nyumbani akikaanga vitunguu ili asisikie uwanja. Nduguye alicheza. Basi ulianguka kwenye nyasi mbichi, tusahau.

Na huyo Lonnie mwambie mimi nabusu wanawake tu, na siku hizi hata hao wanakimbia.

Babu


Chuo cha Ansted
11 Oktoba 1971

Mpendwa Babu,

Hii usimsomee Bibi. Hata kwa kubadilisha.

Tumeshinda zote tatu tangu nianze. Mama wa mkahawa hataki nilipie pai, profesa wa kemia ananiita kwa jina, na gazeti la hapa limeandika kwamba nina utulivu wa mtu mzima. Wanaita utulivu. Ukweli ni kwamba kichwa kinauma tangu Septemba, na nikigeuka haraka natapika, ndiyo maana sigeuki.

Lakini si hilo. Kuna mtu wa ziada kwenye duara.

Nisikilize kabla hujacheka. Sisi tuko kumi na mmoja, sheria ndiyo hiyo. Mchezo wa pili niliinama kutaja mpango, nikahisi tumebanana. Nikahesabu helmeti. Kumi na mbili. Nikahesabu tena, refa akapuliza, tukaadhibiwa kwa kuchelewa. Jumamosi hii alikuwepo tangu mwanzo. Anasimama karibu na Lonnie, kichwa ameinamisha kama sisi wote, sijaona uso. Nikitaja mpango anaitikia kwa kichwa kama anaujua. Na tukipiga makofi, pa, yake yanafuata nyuma kidogo. Pa. Peke yake.

Nilimwuliza Lonnie, "Nani anachelewesha makofi?" Akasema, "Makofi gani, kapteni? Umekula?"

Hakunitisha. Hilo ndilo linalonitisha.

Emil


Marlow Hollow
14 Oktoba 1971

Emil,

Umechoka. Ukiwa hujala vizuri unaona hata watakatifu. Lala. Nenda kwa huyo daktari umwambie habari ya kichwa, kichwa tu, akupe kitu cha kunywa.

Hapa hakuna jipya. Hlavac kaanguka kutoka kwenye ngazi ya kanisa, mzima, ngazi ndiyo inauguzwa.

Huyo mtu anasimama upande gani wa Lonnie? Ni kulia? Nauliza tu. Ujibu haraka.

Babu


Chuo cha Ansted
17 Oktoba 1971

Babu,

Ni kulia. Sikukuandikia upande. Nimekaa na barua yako mkononi asubuhi yote. Umejuaje?

Kwa daktari sijaenda na siendi. Wewe unajua kwa nini, wewe ndiye uliyenifundisha. Jana tulishinda tena, nilirusha mitatu, na robo ya nne yote siikumbuki. Lonnie ananishika mkanda ananielekeza tunapotoka uwanjani, kama kipofu. Juzi nilisimama nje ya chumba changu mwenyewe nikabisha hodi.

Nivumilie wiki moja tu. Jumamosi hii ya tarehe 23 tunacheza na Crawley, mchezo mkubwa kuliko yote, na watu wa timu za kulipwa wanakuja kunitazama. Mimi, Babu! Mtoto wa Marlow Hollow! Kocha akijua, nafasi inakwenda kwa mwingine na mimi narudi kulea helmeti. Niahidi hutasema.

Na uniambie umejuaje.

Emil


Marlow Hollow
20 Oktoba 1971, ya haraka

Emil,

Sikuahidi, kwa hiyo sikuvunja kitu. Leo asubuhi nimepiga simu chuoni kwenu kutoka duka la dawa, nikaomba kocha, nikasubiri mpaka sikio likapata moto.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu anaumwa kichwa. Anaona mtu asiyekuwepo."

Akasema, "Mzee, huyo kijana amepita maswali ya daktari mara nne. Hajakosa hata moja."

"Majibu ameyaandika mkononi!"

Akacheka. "Nani kamfundisha ujinga huo?"

Nikatazama chupa za dawa rafuni, Emil. Miaka yangu sabini na moja, kila mtu ananijua kwa mdomo, na hapo nikakosa neno. Akasema nisiwe na wasiwasi, vijana wote wanaota kabla ya Crawley, akakata.

Sasa soma polepole. Kama macho yanauma, mpe Lonnie akusomee.

Nduguye Bibi yako aliitwa Matej Sabol. Alikuwa kwotabeki wa timu ya mgodi, Jumapili baada ya misa, helmeti za ngozi, uwanja wa makaa yaliyosagwa. Mimi ndiye niliyekuwa nampitishia mpira. Nilikuwa Lonnie wake. Novemba 1924 tulicheza na watu wa mgodi wa Tarrant, na kabla ya mapumziko walimwangusha, kisha mmoja akamwangukia na goti. Tarrant walikuja na daktari wao, mzee mwenye roho nzuri. Akamwinamia Matej: leo siku gani? Matej akamtazama kama mtu anayetazama ukuta. Mimi nikapiga magoti nyuma, kana kwamba namfunga viatu, nikamnong'oneza. Jumapili. Tarrant. Saba saba. Akarudia yote kama kasuku. Daktari akaondoka. Nilijiona mjanja kuliko askofu.

Nilikuwa nimewekeana dau na Hlavac, mwenzetu wa timu, kwamba tutashinda. Bia mbili. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya maana zaidi ya kukupa.

Tulipoinama kwenye duara, Matej aliacha kutaja mpango. Akahesabu kwa kidole. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza saa, "Juraj, mbona tuko kumi na wawili? Nani huyo kulia kwako? Anachelewa kupiga makofi."

Nikamjibu, "Huyo ni karani wa kampuni, kaja kutukata mishahara." Wote wakacheka. Matej naye akacheka. Alicheza kipindi chote cha pili akimtazama mtu aliye kulia kwangu, na mimi nikiona baridi bega zima la kulia wala sikugeuka. Tulishinda. Jumanne mama yake alimkuta amelaza kichwa mezani, kifungua kinywa kimepoa.

Kampuni ikasema moyo. Mimi nikasema ndiyo, moyo, alikuwa akilalamika. Nilibeba jeneza. Mwaka uliofuata nikamwoa dada yake. Sijawahi kumwambia. Hilo swali la Matej sikulisikia tena kwa mtu yeyote, mpaka wewe uliponiandikia.

Sijui huyo ni nani. Labda ni damu tu inayovuja kichwani na kuchezea macho, daktari ndiye ajuaye. Labda ni kitu kingine. Vyovyote iwavyo, alikuja kwa Matej, na baada ya siku mbili Matej hayupo.

Ujanja ule nilikufundisha ukiwa na miaka kumi na tano, kwenye ngazi za nyuma, nikicheka. Nilikuwa nimemzika mtu kwa ujanja huohuo. Nilijiambia kwamba kama nikiufanya mchezo, basi ulikuwa mchezo tangu mwanzo.

Bandua hiyo plasta, Emil. Mwambie Lonnie afunge mdomo. Daktari akikuuliza siku, mjibu unachokijua, na usipokijua mwambie hukijui. Hao watu wa timu za kulipwa watapata mwingine wa kumtazama. Mimi sina mwingine.

Nikishafunga bahasha hii nakwenda jikoni kumwambia bibi yako. Anakata kabichi ya kuchachusha kwenye pipa. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma.

Babu yako,
Juraj


Chuo cha Ansted, Ohio
24 Oktoba 1971

Bwana Petrusik,

Mimi ni Lonnie Haskett, nampitishia Emil mpira. Yeye hawezi kuandika kwa sasa, lakini yuko hai, naanza na hilo.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Aliisoma amekaa kitandani, akaikunja, akaitia ndani ya soksi. Sikuuliza. Jumamosi alivaa kama kawaida na plasta akaandika kama kawaida, nikajua tutacheza.

Mpira wa kwanza kabisa tuliinama. Hakutaja mpango. Alianza kutuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akafika kwangu, akapita, akahesabu hewa iliyokuwa kulia kwangu. Kisha akatutazama wote, akasema, "Samahani, jamaa." Akatoka kwenye duara akatembea mpaka pembeni. Aliyumba kidogo njiani kama mtu wa kwenye meli. Kocha akamfokea, "Unakwenda wapi wewe? Rudi!" Akampita. Akamfikia daktari, akabandua plasta kwa meno, akamwekea mkononi, akasema, "Sasa niulize."

Daktari akamwuliza leo siku gani. Akasema, "Sijui, bwana." Mnacheza na nani? "Sijui." Watu walikuwa wanazomea, elfu thelathini, na wengine wakitupa vikombe. Daktari akamwuliza jina lake. Hapo akafikiri sana, akasema, "Matej."

Walimpeleka mjini na gari la wagonjwa. Daktari wa upasuaji alitoboa kichwa mahali pawili. Ameniambia damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, ya wiki nyingi, na kwamba kugongwa mara moja zaidi, hata kidogo, kungemmaliza uwanjani. Leo amefungua macho. Mkono wa kulia haushiki, na maneno mengine yanamkimbia, lakini ananijua mimi na ametaja jina la bibi yake. Kurusha mpira ndiyo basi. Wameniambia mimi, mimi nimemwambia yeye. Alisema, "Najua."

Nilimnong'oneza mara nne, Bwana Petrusik. Nimehesabu. Barua yako alinipa leo niisome.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Alipoondoka, tuliinama tena na yule wa akiba mwingine, mtoto wa mwaka wa pili kama Emil. Akataja mpango. Tukapiga makofi. Na kulia kwangu, baadaye kidogo, nikasikia yakipigwa.

Tulifungwa 31 kwa 3.

Kwa heshima,
Lonnie Haskett


Marlow Hollow
2 Novemba 1971

Emil wangu,

Barua ya Lonnie imechelewa, imefika jana tu. Kabla ya yote, mwambie aende kwa yule daktari aliyekutoboa wewe, aende kesho, asingoje Jumatatu, na amwambie kila kitu alichosikia. Na yule mtoto wa akiba naye. Wewe mwenyewe mwambie, akikaidi mlilie.

Basi la Ohio limeondoka saa mbili asubuhi na bibi yako yumo. Mtu ambaye tangu mwaka 1946 hajavuka mto! Amebeba pirohi za kulisha wodi nzima na mto wake mwenyewe wa kulalia, kwa sababu haamini mito ya hospitali. Manesi watamchukia siku moja, ya pili watamwogopa, ya tatu watataka abaki. Huna haja ya kutafuta maneno mbele yake. Yeye ataongea Kislovakia, wewe itikia.

Nilimwambia siku ileile, kama nilivyoandika. Alikuwa na kisu na kabichi. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni, hata bia mbili. Hakugeuka. Alikata kabichi iliyobaki, vichwa kumi na saba, akatia chumvi, akaishindilia, akafunika pipa. Ndipo akaniuliza, "Baada ya wewe kumnong'oneza alisema nini?" Nikamwambia alisema Jumapili, Tarrant, saba saba. Akauliza, "Na kabla hujamwambia, mwenyewe alisema nini?"

Hilo sikuwa nimelikumbuka miaka arobaini na saba, au sikutaka. Daktari alipomwuliza siku, kabla sijamnong'oneza, Matej alisema, "Nataka kwenda nyumbani."

Nikamwambia Veronka. Akanawa mikono. Tangu siku hiyo hajaniambia neno. Chakula ananipa, kizuri, ananiwekea mezani anakwenda kula sebuleni. Nilijaribu mzaha mmoja wiki iliyopita. Ulianguka sakafuni ukakaa hapo, tukawa tunauruka tukipita.

Leo ni siku ya marehemu wote. Kila mwaka tunakwenda makaburini pamoja, anaingia na mshumaa wa Matej, mimi nabaki getini nikimchekesha mlinzi. Nasema goti linanisumbua. Leo kwenye kituo nilimbebea mfuko mpaka ngazi ya basi, akauchukua. Akapanda vipandio viwili, akageuka, akatoa mshumaa kwenye koti, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Mwambie wewe mwenyewe." Mlango ukafungwa.

Ni saa tisa alasiri sasa. Nimevaa koti mara mbili na kulivua mara mbili. Kukuandikia wewe kulikuwa rahisi kidogo, karatasi haikutazami. Hlavac alipita akauliza kama twende klabu, nikamwambia nina mtu wa kuonana naye. Akasema, "Nani?" Nikamwambia. Akavua kofia. Alikuwepo siku ile, alicheka na wenzake. Amesema atanisindikiza mpaka getini, zaidi ya hapo goti lake halifiki.

Nitatia barua hii posta njiani. Kukianza kuwa giza wanafunga geti, kwa hiyo nakwenda.

Babu yako,
Juraj Petrusik